Kutoka Msimbazi hadi Miguuni pa Loleza

Nimezaliwa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya Barabara ya Msimbazi, tulikochangia uwanja mmoja, choo kimoja na bomba moja na familia nyingine. Baba alianza maisha kwa kubeba mizigo sokoni, kule shimoni, hadi akapata meza yake mwenyewe ya viungo. Mama alikaanga maandazi alfajiri. Makao makuu ya Simba yapo mtaani kwetu, ndiyo maana timu ikaitwa Wekundu wa Msimbazi, na nyumbani kwetu mapenzi ya timu yalirithiwa kama jina la ukoo.

Ukunga nilisomea Muhimbili, na kazi nikaianzia katika hospitali ya manispaa isiyo mbali na nyumbani. Leba yetu haikulala. Kina mama wawili kitanda kimoja ilikuwa hali ya kawaida, na zamu ya usiku ilikwisha miguu imevimba. Wakati wa masika adui aliongezeka. Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu, ukifurika pale Jangwani hukata Barabara ya Morogoro, na mjamzito wa Magomeni akabaki ng'ambo na uchungu wake, akisubiri maji yapungue. Waliovuka walitufikia wamechoka, wengine wanatoka damu. Huko ndiko nilikojifunza kasi: kuona haraka, kuamua haraka, kuzuia damu haraka. Kasi hiyo ndiyo niliyoondoka nayo Dar es Salaam.

Mwaka 2008 nikapata barua ya uhamisho: niripoti Mbeya. Shangazi zangu walinililia kama ninayeolewa mbali. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Nenda, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama yeye alinishika mkono hadi Mtaa wa Kongo kununua makoti ya mtumba. Tangu utotoni nilikuwa nikiyaona yale makoti mazito na masweta ya sufu yakining'inia kwenye jua la Kariakoo, nisielewe nani anayanunua. Siku ile nikaelewa: wanunuzi ni wafanyabiashara wa mikoani, wanaokuja kufunga mizigo ya Mbeya, Njombe na Makete. Kariakoo ilikuwa ikiwavisha watu wa milimani miaka yote.

Mizigo mikubwa niliitanguliza kwa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutuunganisha na Kapiri Mposhi huko Zambia. Mwenyewe nikapanda basi Ubungo kabla ya jua kuchomoza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na mtu aliyekulia pwani huisikia mwilini. Mikumi bado joto. Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu, joto linakuwa kali zaidi. Halafu basi linaanza kupanda Kitonga kwa gia ndogo, kona baada ya kona, bonde liko chini ya dirisha, na ukifika juu hewa imebadilika. Iringa nikavaa sweta. Makambako nikaongeza koti. Tulipoingia Uyole jioni, pumzi yangu ilikuwa inaacha ukungu kwenye kioo.

Mbeya ni mji uliozaliwa na dhahabu. Uchimbaji wa Lupa, wilayani Chunya, ndio uliouanzisha miaka ya 1920, kisha barabara ya Zambia, ya Malawi na reli vikaukuza hadi ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Loleza umesimama nyuma yake kwa mita 2,656. Kwa mtu wa Kariakoo ni mji wa kadiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 wakati Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya milioni nne. Unaweza kwenda Mwanjelwa kununua ndizi na viazi ukakutana na mama uliyemzalisha, mume wake na mkunga wa zamu inayofuata, wote kabla ya kufika kwa muuza nyanya. Katika mji wa namna hiyo, kazi ya hospitali inakufuata hadi sokoni.

Nilipangiwa Hospitali ya Rufaa, upande wa wazazi kule Meta. Muuguzi mfawidhi wa wodi, mama wa makamo kutoka Tukuyu, alinipokea kwa kunitazama viatu. "Sista, soksi zako ziko wapi?" Nikamwambia ziko kwenye begi. "Basi kesho njoo nazo. Na huku hatumwogeshi mtoto akizaliwa." Nilitoka mahali ambako mtoto alifutwa na kuogeshwa upesi ili ang'are mbele ya ndugu. Huyu mama alinieleza, akiwa anakunja vitenge, kwamba mtoto mchanga anatoka kwenye joto la mwili wa mama akiwa amelowa, na kila dakika anayokaa bila kukaushwa mlima unamla. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, ananyonya kwa udhaifu, sukari inapungua, anahema kwa shida, na maambukizi yanamkuta hana nguvu. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kuoga kusubiri hadi saa 24 baada ya kuzaliwa.

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo limeongoza kazi yangu yote iliyofuata. Dar es Salaam hali ya hewa ilikuwa ikifanya sehemu ya kazi yangu. Nilimpokea mtoto, nikamweka pembeni nishughulike na mama anayetoka damu, na chumba chenyewe kikamlea kwa muda. Mbeya, usiku wa Juni na Julai ambapo kipimajoto cha nje hushuka chini ya nyuzi 10, hakuna chumba kinachokulelea mtoto. Joto lazima mkunga alitafute, alilinde na alikabidhi kwa zamu inayofuata, sawasawa na anavyokabidhi dawa na chati.

Walioumia zaidi ni njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi ya kumhifadhi. Tulikuwa tukimweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi tu, kisha tunamfunga kwa kitenge na blanketi juu. Njia hii, tunayoiita kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia. Nilipokuja kujua kwamba Bogotá nayo ni mji wa milimani, mita zipatazo 2,600 juu ya bahari, sikushangaa hata kidogo. Watu wanaoijua baridi ndio waliokuwa wa kwanza kuthamini kifua cha mama kiasi hicho.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ninavyoieleza. Mama aliyejifungua kabla ya wakati ana maumivu, ana woga, na anaambiwa akae na mtoto kifuani mchana na usiku. Anahitaji kwenda chooni, kula, kulala. Hivyo tukawafundisha bibi na shangazi nao kumbeba. Namkumbuka bibi mmoja kutoka milima ya Poroto aliyekaa na mjukuu wake kifuani wakati binti yake yuko chumba cha upasuaji. Alikuwa akimwimbia kwa Kisafwa bila kukoma. Mtoto yule aliondoka wodini ananyonya vizuri na uzito unapanda. Hadi leo nikiulizwa uuguzi umenipa nini, jibu langu la kwanza ni yule bibi.

Mlima ulinifundisha pia kusoma damu upya. Kadiri watu wanavyoishi juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na mwili unavyotengeneza damu zaidi kufidia. Kwa sababu hiyo kipimo cha upungufu wa damu hupandishwa kwa wakazi wa milimani. Mjamzito mwenye hemoglobini ya gramu 11, ambaye Kariakoo ningemwambia yuko sawa, Mbeya anastahili kutazamwa tena, hasa akiwa anakaribia kujifungua. Hata maji yana tabia yake: huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage hukaa jikoni muda mrefu, na otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, huhitaji shinikizo zaidi kwenye geji yake ili ifikie nyuzi 121 zilezile za pwani.

Na homa je? Mtaani kwetu Msimbazi homa ilikuwa malaria hadi ithibitike vinginevyo. Mbeya mjini baridi humchelewesha mdudu wa malaria ndani ya mbu; chini ya nyuzi 16 hivi ile aina kali haikomai. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye homa likawa: "Umetoka wapi hivi karibuni?" Mtu anaweza kushuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kununua mchele, au kwenda Usangu kuvuna mpunga, akarudi na malaria. Na kwa kuwa amekulia kwenye baridi na hana kinga ya mtu wa pwani, ugonjwa humwangusha vibaya. Mjamzito wa namna hii nilijifunza kumpa kipaumbele hata akiingia anatembea.

Baridi ilileta pia hatari isiyokuwepo katika mafunzo yangu ya pwani: jiko la mkaa chumbani. Familia inafunga madirisha, inaweka jiko karibu na kitanda cha mzazi, na mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mama anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia; mtoto pembeni yake anavuta hewa hiyohiyo. Kumwambia mama atoe jiko nje bila kumpa njia nyingine ya joto ni kumwacha na baridi yake. Tulichofanya siku ya kuruhusiwa ni kukaa na familia nzima, mama mkwe akiwemo, na kuwaonyesha namna kifua, kofia na blanketi vinavyotosha, na kwamba jiko liwashwe nje, likishika vizuri mlo upikwe hukohuko, lisiingizwe ndani.

Familia nayo ina sheria zake. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mzee anaweza kusafiri tangu alfajiri akileta ndizi na nauli, akafika akasimama mbali, mgongo ameupa mlango. Nilifundishwa kutoka nje, kumsalimu kwa heshima, "Mugonile," kupokea alicholeta na kumpa habari za mjukuu hapohapo uani, kisha kumwambia mgonjwa nani amekuja. Mzee akiondoka akijua heshima yake imelindwa, ndiye atakayetafuta gari mtoto akiugua tena usiku. Kujua jambo hilo kumeokoa watoto, nasema kwa uhakika.

Hospitali yetu hupokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini. Mgonjwa wa Sumbawanga husafiri zaidi ya kilomita 300, wa Mpanda zaidi ya hapo. Kariakoo ningemwambia mama, "Rudi Jumatatu." Mbeya neno hilo linaweza kumaanisha mbuzi kuuzwa. Nikaanza kuuliza kila mmoja anakaa wapi, anafika kwa usafiri gani na nani amebaki na watoto, ndipo nipange tarehe ya kurudi. Kasi yangu ya Dar es Salaam haikupotea. Ilinisaidia kila damu ilipomwagika. Iliongezewa subira ya kumsikiliza mtu hadi mwisho.

Mwaka 2021 zilitoka taarifa za utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Njiti waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Kituo cha Tanzania kilikuwa Muhimbili, shule yangu. Nikawapigia rafiki zangu wa Dar es Salaam, tukaongea kwa furaha. Hata kwenye joto la pwani, kifua cha mama ni dawa.

Leo watoto wangu ni watu wa Mbeya. Simba ikija kucheza na Mbeya City kwenye Uwanja wa Sokoine, nyumba inagawanyika, na marehemu baba yangu asingeamini. Wauguzi vijana wanaendelea kuletwa na barua za uhamisho, wengi kutoka pwani, na wengi wanaanza kutafuta njia ya kurudi kabla hawajafungua masanduku. Siwalaumu, baridi inauma na ndugu wako mbali. Ila nawaomba wakubwa wa utumishi na viongozi wa hospitali jambo moja: mtumishi anayehamishwa apewe siku za kujifunza mahali kabla ya kupangiwa zamu. Aende na muuguzi mwenyeji kliniki na majumbani, ajue watu wanapika wapi, wanalala vipi, wanasafiri umbali gani, wanasalimianaje. Aoneshwe viwango vya damu vya huku na geji ya otoklevu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mtoto mmoja aliyepoa usiku kwa sababu mkunga wake alikuwa bado anafanya kazi ya pwani juu ya mlima. Kwetu Meta tumeanza wenyewe, na wageni wanaopita katika siku hizo, wengi wao wamebaki.