Nguo za Kinga Wakati wa Mvua

Kutoka Marabo mpaka Bunia ni karibu kilomita 40, na wengi wetu tunazimaliza kwa kinga, maharagwe ama mihogo ikiwa nyuma. Mvua ikitukuta njiani hatugeuki, kwa sababu soko halingoji na pesa ya shule haingoji. Basi tuangalie tunavaa nini.

Kikwembe ni nguo yetu ya heshima, lakini ni pamba. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito, na upepo unatoa joto lote mwilini. Tena pindo lake linaingia kwenye mnyororo. Kwa hiyo tunavaa suruali nyepesi ya nailoni, inayokauka upesi, na kikwembe tunakifunga juu yake, kifupi. Wako wanaosema suruali si vazi la mama. Tunawajibu kwa upole: heshima ya mama ni kufika mzima kwa watoto wake.

Juu, triko ya sufu, maana sufu inatunza joto hata ikilowa. Kisha koti la nailoni la mtumba. Asiyelipata atoboe shitingi tundu la kichwa, aifunge kiunoni kwa kamba isipepee. Kwenye mlima fungua shingo, jasho litoke. Kabla ya kuteremka funga, maana hapo ndipo baridi inapoingia. Rangi nyekundu ama ya njano inasaidia dereva wa lori akuone katika ukungu.

Mwenye mtoto mgongoni aanze na mtoto. Yeye hakanyagi, na mwili mdogo unapoa upesi. Mama anatoka jasho mbele, wala hajui kwamba mtoto anatetemeka nyuma. Tusimame mara kwa mara, tumguse miguu na kifua. Akiwa baridi, amelegea, hataki kunyonya, tumvue kila kilicholowa, tumweke kifuani ngozi kwa ngozi, tumfunike, tumfikishe kituo cha afya kilicho karibu. Kofia na nguo zake kavu zikae ndani ya sashe mbili, juu ya mzigo, si chini yake.

Najua koti ni pesa, na si kila nyumba inayo. Lakini koti moja linatosha wamama wawili wasioenda soko siku moja. Tuazimane, wamama. Mvua ya Ituri hainyeshei nyumba moja.