Nipe mji

Mchele wa utotoni mwetu, Tanga ya miaka ya 1980, ulikuja na mawe yake, chuya zake na wadudu wake, na mama alipoutoa kwenye kikapu baada ya foleni ya asubuhi nzima hakuna aliyenung'unika, maana wiki nyingine tulikula unga wa yanga tu, yale mahindi ya njano. Aliumimina kwenye ungo, akanyoosha miguu juu ya jamvi, nasi tukauzunguka vichwa vikikaribia kugongana, kila mmoja akisaka jiwe. Aliyepata mengi ndiye aliyekunywa maji ya nazi ikivunjwa. Leo mchele naletewa umeshachambuliwa na mashine. Namimina, naosha, nabandika.

Sidhani kama mama aliwahi kukaa chini akasema sasa nacheza na watoto. Angeipata wapi nafasi hiyo? Ila mikono ikiwa kazini mdomo ulikuwa huru, na michezo yetu yote pamoja naye ilipitia hapo. Bibi naye, akisuka ukili barazani, alitupa kazi ya kumchagulia ukindu uliotiwa rangi, mwekundu huku, wa zambarau kule, na vidole vyetu vikabaki na rangi hiyo mpaka shule. Tulidhani tunamsaidia. Nadhani alikuwa anatuzuia tusiende barabarani.

Baba alikuwa na kiti chake na redio yake, ambayo betri zake tulizianika juani mchana ili zipate uhai wa jioni. Mama na Mwana cha Radio Tanzania ndicho kipindi kilichotukalisha naye pamoja, na hata hapo alitaka kimya.

Giza likiingia, koroboi ikitutia masizi puani na samaki wa kukaanga akinukia jikoni, mama alianza: kitendawili! Tega! Tulikisia, tukakosa, tukakisia tena, na tuliposhindwa kabisa akadai mji. Tukampa Korogwe, akaukataa. Lushoto, akasema kuna baridi. Mpaka tulipompa Mombasa ndipo alipokubali kwenda, na huko akakaa kwa raha zake akitusimulia alivyokula biriani na halua na kunywa kahawa chungu, nasi matumbo yakinguruma, kabla hajarudi kututajia jibu. Miji mingi niliijua hivyo, muda mrefu kabla ya ramani ya darasani.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 mimi nilikuwa nimeshaolewa. Watoto wangu wakakua wakitazama mbele, kwenye kioo, si kwenye ungo.

Mjukuu wangu ana miaka sita na vitendawili anavyo vingi kuliko nilivyokuwa navyo mimi, kwani vimo vitabuni. Nilimtegea kile cha kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni. Njia, akasema kabla sijafunga mdomo. Kisha akauliza kuni za nini, bibi. Nyumbani kwao wanapikia gesi.

Koroboi siililii. Ilitukohoza, na iliwahi kuunguza chandarua. Wala siyalilii makofi tuliyopigwa ungo ulipopinduka. Na siwezi kuitukana televisheni nzima, maana namba mtoto huyu alizijua kwa Akili and Me, katuni za Kiswahili zilizotengenezwa hapahapa nchini, kabla hajavaa sare. Kinachonishangaza zaidi ni baba yake. Mwanangu akirudi kazini huvua viatu, akalala kifudifudi sakafuni na binti yake, wakakata maboksi ya sabuni wakatengeneza daladala, na vizibo vya soda ndiyo magurudumu. Marehemu baba angedhani kijana anaumwa. Lakini wanacheza kwa saa: simu ikilia, mchezo umekwisha, binti anapewa tableti. Mama yetu hakuwa na saa ya kucheza, kwa hiyo haikuweza kwisha.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika. Mtoto akanigeukia akaanza yeye, kitendawili cha kutunga mwenyewe: nyumba yangu imejaa watu, ukigusa kidogo wote wanapotea. Nikasema kaburi. Akacheka. Nikasema ndoto. Hapana. Baba yake alilijua jibu akanyamaza, msaliti. Nikatoa mji, nikampa Tanga. Huo nimeshafika, akasema, hauna hata lifti. Nikampa Mwanza, akasita, akataka Dubai.

Nikampa Dubai. Akaenda, na mpaka umeme unarudi alikuwa bado dukani huko, anachagua viatu.