Mboga ya Karanga ya Kigongo

Ukipata nafasi ya kufika Mwanza, usirudi kwenu kabla hujaiona Kigongo. Toka mjini kwa barabara ya Shinyanga, upite Buhongwa, nawe ukifika Usagara ushike njia iendayo Sengerema na Geita. Njia hiyo hupita nchi ya Bukumbi, ambako Mapadre Weupe, walipotoka Buganda, walijenga misioni yao ya Kamoga mwaka 1883. Huku na huku utaona majabali makubwa ya Usukuma, na kati yake mashamba ya mihogo, viazi, mahindi na karanga. Kisha ziwa litatokea mbele yako. Hapo ndipo Kigongo, na ng'ambo yake ni Busisi.

Kwa miaka mingi Kigongo palikuwa mahali pa kungojea. Magari, baiskeli na watu wenye mizigo walipanga mstari wakisubiri kivuko, na mgonjwa aliyepelekwa hospitali alisubiri pamoja nao. Tangu tarehe 19 Juni 2025 wasafiri huvuka kwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, kwa dakika chache tu. Tumshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini njia nyepesi huchukua mazao upesi kwenda sokoni, na hapo pana neno la kuangalia. Mara nyingi karanga nzuri hupanda gari, na zile mbovu hubaki nyumbani. Je, watoto wako hula zipi?

CHUNGU CHA WASUKUMA

Kwanza tuingie jikoni. Wasukuma wanajua sana kuweka chakula cha kiangazi. Viazi vitamu hukatwa vipande vibichi vikaanikwa juani, navyo huitwa michembe; vikichemshwa kwanza kisha vikaanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa yakawa nsansa. Vyakula hivi vikavu, ukivipika kwa maji na chumvi tu, huwa vigumu kumeza. Karanga ndizo huvilainisha, zikavipa mafuta na utamu.

Jaribu hivi nyumbani kwako. Chagua karanga zako moja moja, uzikaange kwa moto mdogo huku ukizigeuza, mpaka ngozi ivuke yenyewe. Zipepete. Zitwange katika kinu, au zisage kwa jiwe, mpaka zitoe mafuta na kuwa laini kama siagi. Chukua vijiko vinne au vitano vya karanga hizo, uvikoroge kando kwa maji ya vuguvugu mpaka yawe kama uji mwepesi. Ukizitia kavu ndani ya chungu zitafanya mabonge. Kama unapika nsansa, ziloweke, zioshe mchanga, zichemshe mpaka zilainike, ndipo umimine karanga zako. Punguza moto, ukoroge mara kwa mara, maana karanga hushika chini upesi na kuungua. Mafuta yakianza kuelea juu, mboga imeiva. Tia chumvi kidogo, uipakue.

Kwa njia hiyo hiyo waweza kupika matembele, mchicha, majani ya maboga, au dagaa wa ziwa. Dagaa wakavu waondolee mchanga, uwaoshe kwa maji ya moto, uwakaangie kitunguu na nyanya, kisha karanga zifuate mwisho. Tena, katika siku za Kwaresima tunapoacha nyama, mboga hii yatosha kuwa karamu ya maskini na ya tajiri.

KWA NINI ZINATUJENGA

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na kiasi cha robo ni protini, yaani chakula kinachojenga mwili. Mafuta hayo yana kazi nyingine tena. Majani ya kijani na viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani, vina asili ya vitamini A inayolinda macho ya mtoto na kumkinga na maradhi. Mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini hiyo pasipo mafuta. Basi kijiko cha karanga katika matembele husaidia matembele yenyewe kufanya kazi yake.

Lakini usidhani kwamba karanga na ugali vyatosha peke yake. Protini ya mahindi na ile ya karanga zina upungufu unaofanana. Maharage, kunde, dagaa au maziwa huujaza. Ndiyo maana chungu chenye majani, dagaa na karanga ni chakula kamili kuliko kipande cha nyama kinacholiwa mara moja kwa mwezi.

Mtoto aliyetimiza miezi sita, akiwa anaendelea kunyonya, mtilie kijiko kidogo cha karanga laini katika uji wake. Anza kwa kidogo sana, umwangalie; wako watu wachache ambao miili yao huzikataa karanga, wakavimba au kukosa pumzi. Akionyesha dalili hizo, mkimbize hospitali mara moja. Tena usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima, maana huweza kumkaba koo. Na mtoto aliyekwisha kudhoofika kwa utapiamlo, au aliyevimba miguu, usimtibu kwa uji wa nyumbani. Mpeleke kliniki. Huko kuna chakula maalumu cha dawa kinachotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Wafaransa walikibuni mwaka 1996, nacho kimeokoa watoto wengi katika Afrika.

ADUI ALIYEJIFICHA

Sasa nisikilize vizuri, mama, nawe baba. Karanga zilizoingia unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Ukiila nyingi kwa mara moja, huua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hiyo, hasa kwa mahindi yaliyoota ukungu. Kuikaanga karanga hakuiondoi sumu. Wala kuichemsha, wala kuisaga. Kuisaga kwaificha tu, kwa kuwa karanga mbovu ikisagwa na nzuri huwezi tena kuitambua.

Basi vuna kwa wakati, usiache karanga ardhini baada ya kukomaa. Zianike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ukitikisa ganda nawe ukasikia karanga zikicheza ndani, zimekauka. Usizinyunyizie maji ili kurahisisha kubangua. Najua vidole huuma, lakini maji hayo ndiyo mwanzo wa ukungu. Weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta. Iliyosinyaa, iliyotobolewa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu usiile, usiiuze, wala usiwatupie kuku. Ifukie. Na zilizosagwa tayari usiziweke muda mrefu. Saga za siku chache, uzifunike.

GUNIA LA NANI?

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matrekta mengi na fedha nyingi, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, umeshindwa. Lakini karanga hazikufa. Mama mwenye jembe aliendelea kuzipanda kando ya mahindi yake, akawalisha wanawe. Hekima ile tusiipoteze.

Kuuza si dhambi. Ada za shule na dawa zinahitaji fedha. Ila siku ya kuchagua, baba, kaa pamoja na mama watoto mbele ya ungo. Fanyeni mafungu matatu: moja la sokoni, moja la chungu cha nyumbani, na la tatu la kufukia. Fungu la chungu litoke katika zile zile nzuri mnazouza, debe moja au mawili kwa kadiri ya watoto mlio nao, na lifungwe kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.