Simu ya Ugenini Katika Pwani ya Mbweni

Mbweni iko kaskazini ya Dar es Salaam, ukiiacha Barabara ya Bagamoyo kuelekea baharini. Huko, kama kwingineko mjini, simu zilizonunuliwa Dubai huwafikia vijana kwa zawadi au kwa biashara.

Ndugu wasomaji, simu nzuri ya ugenini huweza kuwa bubu kwetu kwa mambo matatu: imefungwa na kampuni ya kule isikubali laini nyingine, au masafa yake hayapatani na minara yetu, au ni bandia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia. Basi kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06#, itokee namba yake ya tarakimu 15, uichunguze. Kisha tia laini yako, piga, usikilize.

Nao wauzaji wakumbuke kwamba aibu ya bidhaa inayojulikana yafaa ibainishwe kabla ya mapatano. Mama aliyeweka akiba ya vitumbua mwaka mzima, akauziwa chombo kisichoita, amedhulumiwa, wala dhuluma hiyo haifutwi na kibao cha dukani kisemacho, "Mali ikishauzwa hairudishwi."