Geji Ilisema Tangi Limejaa

Wapo wanawake wanaolia kwa sababu ya nyumba ndogo. Mimi mwenzenu nililia kwa sababu ya geji ya mafuta. Usicheke kwanza, nisikilize.

Baba watoto ana boti. Siyo ya kuvulia wala ya kubeba abiria, ni ile ya kumvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa skii. Ya Kimarekani, ya mwaka 1998, injini V8 ya lita 5.7. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Tangu hapo kila Jumamosi ni Kunduchi, hadi shosti zangu wakaniuliza kama nina uhakika hiyo boti haina jina la mwanamke. Wivu nilikuwa nao, sikatai.

Dashibodi yake ilikuwa ya kidijiti, namba zote kwenye kioo kimoja, mambo ya kisasa kwa enzi zake. Lakini jua na chumvi vilishaifanyia kazi. Namba zilififia, 8 ikawa inaonekana 3. Ukiwasha injini zinapotea, halafu zinarudi zimebadilika. Baba watoto anaipiga dashibodi kofi, inatulia. Mimi nikaona ni kawaida ya vitu vya zamani.

Desemba 2022 tulikuwa tunarudi kutoka Mbudya, mimi, yeye na watoto wawili. Geji ilisema tangi limejaa robo tatu. Injini ikakohoa mara mbili, kimya. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma, boti inayumba, mdogo anatapika, na mawimbi yanatusogeza polepole kwenye miamba. Wavuvi ndio waliotuokoa, wakatuvuta kwa kamba yetu wenyewe ya skii. Aibu yake usiseme.

Usiku, watoto wamelala, nikamwuliza, "Ulikuwa unajua?"

Akanyamaza. Kumbe miezi mitatu! Miezi mitatu alijua geji inadanganya, akawa anakisia mafuta kwa kuhesabu saa za safari. "Biashara ilikuwa imelala, mke wangu," akasema. "Ningekuambia, ungesema tuiuze." Na kweli ningesema. Lakini mimi na wanangu tulipanda ile boti tukiamini robo tatu.

Jamani, nina shahada ya mawasiliano. Kazini nahariri kurasa za ushauri wa ndoa. Wiki nzima nyumbani kwangu maneno yalikuwa matatu tu: "Chakula kipo mezani."

Nilipopata sauti nikampa sharti. Boti haigusi maji mpaka geji zote zibadilishwe, na kila hatua mimi nipo. Akakubali haraka mpaka nikashangaa.

Fundi umeme wa magari kutoka Gerezani ndiye aliyeifungua. Hakukimbilia kununua. Alianza kwa betri, kisha waya mweusi wa athi, akaukuta umekula kutu ya kijani. Alipousafisha, nusu ya namba zikarudi, nikajua tumepona. Wapi! Kioo chenyewe kilikuwa kimekufa. Tukaamua kuachana na udijiti, tuweke geji za mshale, kila moja peke yake, ili siku moja ikifa nyingine zibaki. Kile kioo kimoja kilikuwa kimejaza dashibodi nzima, kwa hiyo ilibidi tuchonge bati jipya la alumini, matundu ya milimita 52 kwa geji ndogo, na ya 85 kwa kasi na mizunguko ya injini. Bei sitaitaja. Tuseme ni ada ya muhula, na gauni langu la harusi ya mdogo wangu likasubiri.

Mzigo ulipofika nilikuwa nimekaa na makaratasi yake. Mhariri hawezi kuacha karatasi bila kuisoma. Geji ya mafuta iliandikwa omu 10 hadi 180. Nikamwuliza fundi floti ya tangi letu inasomaje. Akaunganisha mita: tangi tupu, karibu omu 240. Hiyo ni ya Kimarekani, tupu 240, likijaa 33. Geji tuliyoletewa ni ya Kizungu cha Ulaya, inahesabu kinyume. Tungeifunga, tangi likiwa tupu mshale ungesema limejaa!

Tukatazamana na baba watoto. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. Tukairudisha, ikaja ya kwetu.

Kufunga kulichukua Jumamosi mbili. Nilishika tochi, nikajifunza kwamba waya wa pinki unatoka kwenye tangi, wa kijivu ni wa mizunguko, na kwamba nyuma ya geji ya mizunguko kuna swichi ya kuchagua idadi ya silinda. Ukiiacha kwenye 4 wakati injini ina 8, inakusomea mara mbili. Tulikuwa chini ya dashibodi, miguu nje, na pale gizani ndipo aliponieleza habari za madeni. Yote. Mengine sikuyajua kabisa. Sikumjibu mara moja, nilimwambia anipe bisibisi.

Mafuta tuliyatia lita 20 kwa 20, kila mara nikiandika kwenye daftari mshale umefika wapi. Daftari linakaa kwenye boti mpaka leo, na mafuta hatutii bila kulifungua.

Jumamosi iliyopita kabla hatujafungua kamba akanigusa bega. "Ya joto inachezacheza kidogo," akasema. "Nimeiona asubuhi." Tukashuka, tukala chipsi mayai ufukweni, tukamsubiri fundi.