JINA KAPUNI: Ubuyu wa Jumba la Maajabu ambao hamjawahi kupewa

Najua mmezoea hapa kwetu mnapewa ubuyu wa mastaa, jina kapuni, halafu mnaanza kubahatisha kwenye komenti. Leo ubuyu unatoka Zanzibar kwenyewe, na mhusika mkuu ni nyumba. Msisepe kwanza, hii nyumba ina mambo kuliko staa yeyote mnayemfuatilia.

Nalizungumzia Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lile jengo jeupe la mnara wa saa pale Forodhani. Mimi nimekulia Ng'ambo, kwa hiyo kwetu lile jumba lilikuwa kama jirani mwenye uwezo. Unamwona kila ukishuka mjini, ila habari zake huzijui.

Basi bwana, Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na wala hakulijenga ili akalale. Lilikuwa jumba la shughuli, la kupokelea wageni waone kwamba Zanzibar kuna pesa. Nguzo za chuma, varanda kuzunguka kila ghorofa, milango ya kuchonga mikubwa mpaka wazee wanasema sultani alitaka apite akiwa juu ya tembo. Baadaye likapata umeme kabla ya majumba mengine, na lifti juu yake. Yaani kiki ya zamani hiyo!

Ila kipindi hicho hicho utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897. Sasa niambie, waliobeba mawe na kuchoma chokaa walikuwa akina nani? Jina la sultani tunalo. Ya hao wengine yako kapuni.

Njoo 1896. Sultani Hamad kafariki, Khalid bin Barghash kakalia kiti bila baraka za Waingereza. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, meli zao zikaanza kupiga mizinga pale mbele. Dakika arobaini hivi, mchezo kwisha. Mtandaoni watu wanaiposti kama kichekesho, eti vita fupi kuliko zote duniani. Lakini upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500. Waingereza walipata majeruhi mmoja. Hapo mimi sicheki.

Jumba lenyewe likasalimika, na mwaka uliofuata likawekewa ule mnara. Kuanzia 1911 Waingereza wakalifanya ofisi za serikali, makarani na mafaili kila chumba. Yakaja Mapinduzi ya 1964, likahamia mikononi mwa wakubwa wapya, chama cha ASP kikalitumia. Miaka ya 2000 likawa makumbusho ya Zanzibar na pwani nzima. Ndani kulikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Ukiuona ule mtepe unajiuliza hao mababu walisomea wapi.

Mnaona lakini? Kila mkubwa aliyekuja alipata la kulifanyia lile jumba. Shughuli zilibadilika, paa likabaki lile lile na bahari ikabaki pale pale. Mjomba wangu ni fundi wa nyumba za Mji Mkongwe, na ana msemo wake: nyumba ya mawe na chokaa haiuliwi na uzee, inauliwa na maji. Mvua ikipata pa kupenya, ukuta unakula taratibu wewe huku unapiga picha. Mwaka 2012 kipande kikaanguka. Watu wakasikitika, maisha yakaendelea.

Halafu 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, Krismasi. Ukarabati unaendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wake. Nyumbani tulipopata habari, mama alimpigia mjomba simu, haipokelewi. Akapiga tena na tena. Tulijua kazi zake ni za kule kule mjini, ila siku ile yuko jengo gani hakuna aliyejua. Alikuja kupiga mwenyewe jioni, simu ilikuwa imeisha chaji, yeye alikuwa kwenye nyumba nyingine kabisa. Mama alikaa chini pale pale sakafuni, hakusema kitu.

Wenzetu wengine hawakupigiwa simu ya kuwapoza moyo. Watu wawili walifariki pale, na wengine wakajeruhiwa.

Usiku nikaingia mtandaoni. Staa mmoja wa Bongofleva, jina kapuni, kaposti picha yake ya zamani kasimama mbele ya jumba, kapsheni ndefu kuhusu urithi wetu kupotea. Komenti zimejaa: umependeza, hiyo miwani shilingi ngapi. Nilishuka mpaka chini kabisa. Wale wawili hakuwataja hata mmoja.

Simsemi yeye tu. Muulize mtu yeyote leo jumba lilianguka lini, atakutajia. Muulize majina ya waliokufa, kimya. Sisi hapa tunaficha majina ya mastaa kwa sababu kila mtu anayataka. Ya mafundi hayajafichwa na mtu, ila nani kayaulizia?

Kwangu mimi maajabu ya lile jumba ni mikono iliyolisimamisha muda wote huo. Jengo la serikali halijitunzi lenyewe, kuna mtu anapanda jukwaa asubuhi na kibuyu chake cha chai, na kwao kuna mtu anasubiri simu.

Kwa hiyo leo hakuna kubahatisha. Kama babu, bibi au mjomba wako aliwahi kufanya kazi mle ndani, ukarani, ulinzi, kufagia, ufundi, tupia jina lake hapo chini na alichokuwa anafanya. Leo kapu tunalimwaga.