Plagi ya Nne

Sisi mafundi watatu tunafanya kazi katika gereji moja na kuabudu katika usharika mmoja. Mara nyingi washarika wenzetu hutuuliza, nusu kwa utani, kama Mungu hufundisha lolote mahali penye grisi na kelele. Tunaamini hufundisha. Hapa tungependa kueleza tulichojifunza juu ya subira, na hasa juu ya nani anayeigharamia, kutokana na plagi moja iliyokataa kutoka.

Gari lilikuwa Mazda RX-8 ya mwaka 2004, mali ya mama mmoja mjane wa jumuiya yetu. Marehemu mume wake alilipenda sana. Baada ya msiba lilikaa chini ya mwembe muda mrefu. Mama alipotaka kuliuza ili binti yake aendelee na chuo, kijana wa jirani aliliwasha, akalisogeza hatua chache lipishe lori la mchanga, akalizima. Tangu hapo halikuwaka tena. Mnunuzi alikuwa amepatikana, naye alisema atakuja Jumamosi saa sita mchana, lakini halipi mpaka asikie injini inanguruma. Sisi tuliletewa gari Jumatano.

Inafaa tueleze kidogo injini hii, kwa maana si kama zile mnazozijua. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna rota mbili, kila moja ina umbo la andazi la pembe tatu lililoumuka vizuri, zinazozunguka ndani ya nyumba za alumini. Aliyeibuni ni Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957. Wajapani wa Mazda walipoichukua, walikuta pembe za rota zinachora mikwaruzo ndani ya nyumba yake, mikwaruzo waliyoiita kucha za shetani. Wahandisi 47, wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, walihangaika nayo miaka kadhaa kabla gari lao la kwanza la aina hiyo, Cosmo Sport, halijaanza kuuzwa mwaka 1967.

Injini hii huunguza oili kidogo kidogo kwa makusudi, ili pembe za rota zisikauke. Kwa hiyo masizi hujijenga kwenye plagi. Tena, ukiiwasha ikiwa baridi na kuizima papo hapo, petroli hubaki ndani, plagi hulowa, na ile oili inayoziba pembe za rota huoshwa. Dawa yake ni kufungua plagi zote nne, kuzungusha injini kwa starta huku umekata petroli, kutia matone ya oili, kisha kufunga plagi mpya.

Basi Alhamisi tulilipandisha gari kwenye jeki na stendi, tukatoa gurudumu la mbele la kushoto, maana plagi hufikika vizuri kupitia hapo. Tulipuliza mchanga wote kwa kompresa kwanza, kwa sababu punje moja ikiingia ndani itakwaruza palipo laini. Tukaweka alama kwenye kila waya. Plagi mbili za juu zilitoka. Ya chini ya rota ya mbele ikalalamika, ikatoka. Ya chini ya rota ya nyuma haikusogea hata unywele.

Hapo ndipo hatari ilipo. Plagi ni ya chuma, na nyuzi zinazoishika zimechongwa kwenye alumini, ambayo ni laini kuliko chuma. Ukiilazimisha, chuma kitashinda, lakini kitatoka na nyuzi za alumini. Nyumba ya rota ikiharibika hivyo, mara nyingi injini hushushwa na kufumuliwa yote, na vipuri vyake havipatikani dukani kwetu. Gari la namna hiyo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Tukanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha usiku kucha. Ijumaa asubuhi tukajaribu kwa mkono, plagi ikawa vilevile. Injini ya kawaida ungeiwasha ipate joto kidogo, kwa kuwa alumini hutanuka kuliko chuma na kuiachia plagi. Hii haikuwaka, na moto wa wazi hauletwi karibu na petroli. Tukachovya vitambaa kwenye maji ya moto, tukavigandamiza kando ya plagi, tukaongeza mafuta, tukajaribu tena. Bado.

Adhuhuri fundi wa gereji ya pili alipita, akatazama, akatuletea bomba refu la kuvalisha kwenye mpini wa spana. "Wazee, hapa ni kuning'inia tu," alisema. Alikuwa na nia njema, na alisema kweli: kwa bomba lile plagi ingetoka kabla ya chai ya saa kumi. Tuliliegemeza ukutani.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo tulipokwama sisi wenyewe. Wote watatu tulikubaliana kwamba tungoje, na kungoja ni jambo jema. Tumelisikia mimbarani tangu utotoni. Lakini mmoja wetu aliuliza: tunangoja kwa pesa za nani? Jumamosi ikipita, sisi tutakula jioni kama kawaida. Atakayekosa mnunuzi ni mjane, na atakayebaki nyumbani chuo kikifunguliwa ni binti yake. Je, tuna haki ya kuwa wavumilivu kwa niaba yake?

Jioni tukaenda kwake. Baada ya kumwamkia tulimweleza mambo yote mawili bila kupamba. Tukilazimisha, huenda gari likawaka kesho, na huenda likafa moja kwa moja. Tukingoja, huenda plagi ikatoka salama, lakini hatujui siku. Alinyamaza kitambo, akakunja khanga yake magotini, kisha akasema, "Wanangu, nina gari moja tu. Mnunuzi nitampigia simu mimi mwenyewe. Ninyi msilivunje." Tukaomba pamoja pale barazani, maombi mafupi. Hatukumwomba Mungu aifungue plagi. Tulimwomba atupe mikono mitulivu, na amtunze mama huyu kwa uamuzi alioufanya.

Mnunuzi hakukubali kungoja. Alipata gari jingine, wala hatumlaumu. Jumapili tulikuwa ibadani. Jumatatu tuliendelea na vitambaa vya moto na mafuta, na baada ya saa nane mchana plagi ilitoa mlio mkavu, ikasogea kidogo. Wengi hapo hushangilia na kuvuta. Sisi tuliirudisha ilikotoka, tukatia mafuta, tukaisogeza tena mbele kidogo zaidi, tukairudisha tena. Ukivuta tu mbele, masizi yaliyong'olewa hubanwa kwenye nyuzi na kuzikata. Ukirudi nyuma, yanapata njia. Ilituchukua karibu saa nzima. Ilipotoka tulimulika tundu kwa tochi: nyuzi zilikuwa nzima zote.

Plagi mpya tulianza kuzizungusha kwa vidole, za juu juu na za chini chini, maana hazibadilishani. Jioni ile gari liliwaka kwa moshi mwingi uliowatoa majirani nje. Mama alisimama mlangoni mwa gereji, akasikiliza, akafuta macho.

Hatutaki kumaliza kwa kusema kwamba Mungu alimlipa mara mbili. Gari liliuzwa mwezi uliofuata, kwa bei ya chini kuliko ile ya mnunuzi wa kwanza. Ada ilipungua, jumuiya ikachanga, na binti alifika chuoni wiki tatu baada ya wenzake. Wahenga walisema subira yavuta heri, nasi twakiri. Lakini subira ina bei, na mara nyingi anayeihubiri siye anayeilipa.

Tangu wakati ule tunapomwambia mtu "vumilia" tunajiuliza kwanza kama tumekwenda barazani kwake. Mgonjwa anayesubiri pesa za matibabu, kijana aliyekaa miaka bila kazi, mke anayengoja mumewe aache pombe: hao wanajua kungoja kuliko sisi. Wanachohitaji kwetu ni kitambaa cha maji ya moto na mtu wa kukishika. Na kwa ndugu ambaye moyo wake umegandamana na chuki ya miaka mingi, bomba refu tunaliacha ukutani. Tunasogea naye kidogo, tunarudi naye kidogo, maana tukimtoa kwa nguvu tutamtoa na nyuzi zake, na hatakuwa na pa kujishikiza tena.